WAKE ZETU WAMEFIKA HOSPITALI. WALIMKUTA NANI?

Ndugu wanachama,

Wako wenzetu wasemao kwamba mambo ya uzazi si mambo ya chama. Chama, wasema, ni cha mishahara, saa za kazi, nyumba na viatu vya kazi; habari za wakunga na watoto wachanga ziachiwe kina mama na kanisa. Sisi wafanyakazi wa reli tukaao Kahawa Wendani hatukubali maneno hayo, na katika karatasi hii twataka kuonyesha kwa nini.

Kwanza, fedha. Tangu Oktoba 2024, NHIF ilipofungwa na SHA ikashika mahali pake, kila mwenye mshahara hukatwa shilingi 2 na senti 75 katika kila shilingi 100. Mtu wa shilingi 30,000 hukatwa 825 kila mwezi kabla hajauona mshahara wake. Mtu akikatwa fedha ana haki ya kuuliza zimenunua nini. Neno la fedha zilizokatwa ni neno la chama tangu vyama vilipoanza.

Pili, anayezikwa ni nani? Ni mke wa mwanachama, au binti yake, au mwanachama mwenyewe, maana siku hizi wako wanawake katika kazi ya reli. Mtu wa gengi akivunjwa mguu na taruma, chama husimama mbele ya mwajiri na kudai. Mke wake akifa kwa damu kumwagika wodini, twachanga fedha za jeneza, twaimba, twarudi kazini. Kwa nini mguu uwe neno la chama, na roho isiwe?

WAKE ZETU WALIITWA, WAKAJA

Kwa miaka mingi tuliambiwa kwamba kina mama hufa kwa ujinga wao, kwa sababu wazalia nyumbani na kuogopa hospitali. Basi natutazame hesabu.

Februari 1987 wakubwa wa mataifa walikutana Nairobi hii hii, wakaanzisha mpango wa ulimwengu wa kuokoa maisha ya kina mama katika uzazi. Miaka ikapita. Tarehe 1 Juni 2013 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba kujifungua katika hospitali za Serikali ni bure. Mwaka 2017 kazi hiyo ikawekwa chini ya NHIF kwa jina la Linda Mama.

Je, wake zetu walikataa? Hawakukataa. Uchunguzi wa afya wa Serikali wa mwaka 2008-09 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 waliozaliwa Kenya, 43 walizaliwa katika hospitali au kituo cha afya. Uchunguzi wa 2014 ulionyesha 61. Ule wa 2022 ulionyesha 82. Huu ni mwendo mkubwa. Kina mama waliacha desturi zao, wakapanda bodaboda usiku, wakapanda matatu na uchungu umewashika, wakaja kama walivyoambiwa.

Sasa tazameni upande wa pili wa daftari. Uchunguzi wa 2014 ulisema kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 22 walikufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Ule wa 2022 ulisema 21. Kutoka 22 mpaka 21! Na kina mama je? Uchunguzi wa 2014 ulipata vifo 362 katika kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Hesabu ya watu ya 2019 ilipata 355. Hesabu hizo mbili hazikufanywa kwa njia moja, kwa hiyo hatuzipimi mpaka tarakimu ya mwisho. Lakini hata mtoto wa darasa la nne aona kwamba waliofika waliongezeka sana, na waliokufa hawakupungua kwa kadiri hiyo.

Ndugu, ikiwa abiria wote wamefika stesheni kwa saa yake, tikiti mkononi, na treni haikuja, nani atawalaumu abiria?

KUCHELEWA KWA NAMNA TATU

Wataalamu wa uzazi husema kwamba mama hufa kwa kuchelewa, na kuchelewa kuko kwa namna tatu. Sisi wa reli neno kuchelewa twalielewa kuliko watu wengi.

Kuchelewa kwa kwanza ni nyumbani: mume hajaamua, mama mkwe asema ngojeni kwanza, fedha hazipo. Hilo ni letu, na tutalisema mbele.

Kuchelewa kwa pili ni njiani. Tuliosoma shule za misheni twakumbuka kwamba Raheli, mke wa Yakobo, alikufa njiani akimzaa Benyamini. Maelfu ya miaka imepita na akina Raheli bado wako njiani. Wendani si kijiji cha mbali. Barabara kuu ya Thika yapita mlangoni, reli yapita karibu, na hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyoanza kupokea wagonjwa mwaka 2019, ni jirani yetu. Lakini hospitali ya rufaa haikujengwa iwe zahanati ya mtaa. Mtaa wenyewe uko mpakani: sisi tu Kiambu, na wenzetu wa Kahawa West na Githurai 44 wako Nairobi. Mama mwenye uchungu saa nane za usiku hajui mpaka wa kaunti. Ajua tu kwamba geti la ploti limefungwa, mwenye ufunguo amelala, na bodaboda ataka fedha kwanza.

Kuchelewa kwa tatu ni ndani ya hospitali yenyewe. Hapa ndipo hesabu zile zatuelekeza. Mama amefika, kitanda kina wawili, muuguzi mmoja atazama wazazi wengi kuliko mikono yake, daktari wa kupasua hayupo, damu ya kuongezwa haipo. Mke wa mwenzetu mmoja wa gengi alifika kwenye kituo kimoja, ambacho hatutakitaja, akaambiwa mumewe akanunue glavu, pamba na uzi wa kushonea kabla hajaguswa. Mumewe alitafuta duka la dawa lililo wazi usiku ule kwa zaidi ya saa moja. Mungu alisaidia, mama na mtoto wako hai. Lakini kazi ya Mungu si kununua glavu.

DAWA ZAKE ZAJULIKANA

Tusidanganywe kwamba haya ni mambo makubwa yatakayowezekana nchi ikiwa tajiri. Vifo vingi vya uzazi vyatokana na mambo yanayojulikana: damu kumwagika, kifafa cha mimba, homa ya uchafu baada ya kuzaa, na mtoto kukwama njiani.

Damu ndiyo mwuaji mkubwa. Mwanamke mwenye afya aweza kuisha damu na kufa kwa muda wa saa mbili tu baada ya kujifungua. Zamani mkunga alikisia damu kwa macho, akitazama shuka, na macho hukosea. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya jaribio kubwa lililofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, na wazazi zaidi ya 200,000. Chini ya mama huwekwa karatasi ya plastiki yenye mfuko na alama za kipimo, ili damu ipimwe wala isikisiwe. Ikifika alama, mkunga hangoji: asugua tumbo ili mji wa mimba ukaze, atoa dawa ya kuukaza, atoa dawa ya kuzuia damu, aweka maji mshipani, atazama palipochanika au kondo lililobaki. Yote kwa pamoja, si moja moja. Katika hospitali zilizofanya hivyo, hatari ya damu nyingi kupita kiasi, pamoja na kupasuliwa na kufa kwa sababu ya damu hiyo, ilipungua kwa 60 katika kila 100.

Sisi wa reli twajua maana yake. Hakuna dreva akisiaye ishara. Nyekundu ni nyekundu, na kila mtu ajua la kufanya kabla haijawaka. Hiyo karatasi ya plastiki ndiyo ishara. Lakini ishara bila watu ni mti mkavu tu. Dawa ya kukaza mji wa mimba, iitwayo oksitosini, hutaka kuwekwa katika baridi. Friji ikizimika kwa umeme kukatika, dawa huharibika ingawa chupa yaonekana nzima. Ataka mtu wa kuitunza, mtu wa kuipiga, na mtu wa kumwongoza mwenzake. Kifafa cha mimba nacho kina dawa yake, magnesi salfeti, ambayo si ya bei kubwa.

Na mtoto? Mtoto asiyelia ahitaji mkono uliofunzwa katika dakika ile ya kwanza, na kipuliza hewa cha kubana kwa mkono, ambacho hakitaki hata umeme. Mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya siku zake, huwekwa kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi. Jambo hili lilianzishwa na madaktari wa Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa sababu mashine za joto hazikuwatosha. Mwaka 2021 jaribio lililofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania lilionyesha kwamba watoto wadogo waliowekwa hivyo mara baada ya kuzaliwa walikufa wachache zaidi kwa robo nzima. Kifua cha mama hakiagizwi ng'ambo. Kinachotakiwa ni kitanda cha mama karibu na mtoto, na muuguzi wa kuwatazama wote wawili.

Basi kila njia twaishia mahali pamoja: watu. Wakunga, wauguzi, madaktari, wapima damu, madreva wa ambulansi. Wafanyakazi kama sisi.

HABARI YA MGOMO WA KIAMBU

Sasa twafika penye neno lililotugawa. Mwaka 2025 madaktari wa Kaunti ya Kiambu waliweka kazi chini tangu mwisho wa Mei mpaka Oktoba, siku 150. Hii ndiyo kaunti yetu, ambayo katika hesabu ya 2019 ilikuwa na watu 2,417,735, ya pili baada ya Nairobi. Mgomo ukiendelea, chama cha madaktari, KMPDU, kilitangaza kwamba watoto wachanga zaidi ya 100 wamekufa katika hospitali za kaunti. Serikali ya kaunti ikakana. Wakashindana kwa tarakimu mbele ya magazeti. Mama aliyerudi nyumbani mikono mitupu hakuwa na haja ya tarakimu.

Ndani ya treni na katika hoteli za Githurai tulisikia wafanyakazi, tena wanachama, wakisema: madaktari ni wauaji, wafukuzwe. Ndugu, angalieni midomo yenu. Watu wa bandari na reli walipogoma Mombasa Januari 1947, hawakugoma kwa kupenda njaa. Mshahara haukutosha na maneno hayakusikiwa. Kila mgomaji huitwa mharibifu na mtu aliyelala ameshiba.

Someni tarehe. Madaktari waliandikiana mapatano na Serikali mwaka 2013. Hayakutimizwa. Desemba 2016 wakagoma, siku 100, na Februari 2017 viongozi wao wakatiwa gerezani. Mwaka ule ule wauguzi wakagoma, miezi mitano. Mwaka 2024 madaktari wakagoma tena, siku 56. Halafu Kiambu, 2025. Kila mara neno ni lile lile: karatasi iliyotiwa sahihi ikatupwa. Mwajiri atiaye sahihi na asilipe ndiye aanzaye mgomo. Mfanyakazi huumaliza tu.

Lakini hatutawapaka madaktari mafuta kwa mgongo wa chupa. Behewa la saruji likikaa yadini wiki mbili, halifi. Mtoto aliyekwama tumboni hangoji mapatano. Twawaambia wenzetu wa hospitali kwa heshima: chama chenye nguvu chaweza kugoma na huku kimeacha mikono mlangoni pa uzazi, ili mwajiri asipate maiti ya kujifichia nyuma yake. Shifra na Pua, wakunga wa Waebrania, walimkaidi Farao, naye alikuwa mkubwa kuliko gavana yeyote. Lakini walimkaidi kwa kuwaacha watoto hai. Huo ndio ukaidi tunaoutaka.

Na kwa mwajiri twasema neno zito zaidi. Wewe wajua kwamba mtoto hangoji, na ufunguo wa sanduku ni wako. Ukingoja siku 150 kabla ya kukaa mezani, umewatumia watoto wetu kuwa silaha ya kuwavunja wafanyakazi wako.

SHERIA IKO UPANDE WETU

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yasema kila mtu ana haki ya afya bora kadiri iwezekanavyo, pamoja na afya ya uzazi, na kwamba hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Haya si maneno ya ukutani. Mwaka 2013, mwaka ule ule wa tangazo la kuzaa bure, mama mmoja alijifungua sakafuni katika hospitali ya Serikali huko Bungoma, akapigwa na kutukanwa na wauguzi. Alikwenda mahakamani. Machi 2018 Mahakama Kuu ikaamua alipwe shilingi milioni 2 na nusu. Basi na muuguzi ajue: kuchoka si ruhusa ya kumpiga mzazi. Na Serikali ijue: mfanyakazi wa kawaida aweza kukushtaki na kukushinda.

Tena, mwaka 2001 wakuu wa Afrika walikutana Abuja, wakaahidi kuweka 15 katika kila 100 ya fedha za Serikali katika afya. Kenya ilikuwamo. Ahadi hiyo haijatimizwa.

NA SISI WANAUME JE?

Hatuwezi kunyoshea wengine kidole na kujificha. Kuchelewa kwa kwanza ni nyumbani kwetu. Mwanamume ajuaye saa ya kila treni kati ya Nairobi na Thika, na hajui mwezi ambao mkewe atajifungua, ni mwanamume wa namna gani? Sheria ya Kazi ya 2007, kifungu cha 29, yampa mama likizo ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na yampa baba wiki mbili kwa mshahara kamili. Wangapi kati yetu walizichukua wiki hizo mbili? Na wangapi walizichukua wakazimalizia kilabuni?

Damu nayo haitengenezwi kiwandani. Hutoka katika mkono wa mtu. Gengi moja la wanaume wenye afya laweza kutoa damu ya kuwaokoa kina mama kadhaa, na baada ya chai na mkate wamerudi kazini siku chache baadaye kama kwamba hapakuwa neno.

TWATAKA NINI

Twaomba mkutano mkuu wa tawi ukubali maneno haya:

1. Chama kimwandikie mwajiri kwamba likizo ya uzazi ya mama na ya baba itolewe bila ubishi, pamoja na kwa wale wa mikataba mifupi katika magengi.

2. Chama kidai kila mwezi kuonyeshwa kwamba fedha za SHA zilizokatwa zimepelekwa. SHA yenyewe ilitangaza kwamba hulipa hospitali shilingi 10,000 kwa uzazi wa kawaida na 30,000 kwa uzazi wa kupasuliwa. Basi izilipe hospitali kwa wakati, ili mzazi asifanywe rehani.

3. Vibarua na kina mama wa sokoni, ambao hutakiwa kulipa SHA ya mwaka mzima kwa mara moja, waruhusiwe kulipa kidogo kidogo. Mtu apataye fedha kwa siku hawezi kulipa kwa mwaka.

4. Kaunti ya Kiambu itimize mapatano yake na wafanyakazi wa afya, iajiri wakunga wa zamu ya usiku, na iweke ambulansi upande huu wa Ruiru, ambayo haitauliza mzazi ametoka kaunti gani.

5. Kila chumba cha uzazi kiwe na karatasi ya kupimia damu, friji ifanyayo kazi, na kipuliza hewa cha mtoto. Wajumbe wa chama waende wakatazame kwa macho yao.

6. Tawi lianzishe daftari la watoao damu, na mfuko mdogo wa safari ya usiku, ili mke wa mwanachama asikae getini akitafuta nauli.

Wengine watasema haya ni mengi. Reli ya kwenda Thika ilifika mwaka 1913, ikawekwa kwa mikono, taruma kwa taruma, na watu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Maneno sita si mengi kuliko mataruma yale.

Wake zetu wamekwisha fanya sehemu yao. Walisikia wito, wakafika. Sasa ni zamu ya mwajiri, ya kaunti, ya SHA, na ya chama hiki. Njooni mkutanoni wote, na njooni na wake zenu, maana neno hili ni lao kwanza.

Umoja ni nguvu.

Ni sisi wenzenu katika kazi,
Wafanyakazi wa reli wakaao Kahawa Wendani